Wainka, John Murra na Majina ya Kuazima

Kuna namna mbili za kuidharau mila ya watu. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: ni kuitukana, kuiita ya kishenzi, na kusema kwamba wenye mila hiyo hawakuwa na historia mpaka alipofika mgeni na kalamu yake. Ya pili ni ngumu kuitambua kwa sababu huja na uso wa kirafiki. Ni kuisifu mila bila kuiuliza habari zake. Kuipa jina zuri lililotungwa kwingine, katika ugomvi wa watu wengine, na kisha kulishangilia jina hilo kana kwamba ndilo mila yenyewe. Mwenye kutukana na mwenye kusifu namna hiyo hukutana mahali pamoja: wote wawili hawana haja ya kumsikiliza mwenye mila.

Insha hii inaikabili namna ya pili, kwa kuwa ndiyo inayostawi katika madarasa yetu na katika hotuba za siku za sherehe. Mwanafunzi huambiwa kwamba wahenga waliishi kwa kugawana, hawakujua unyonyaji, kila ghala lilikuwa la wote na kila mfalme alikuwa baba wa wote. Akiuliza, "Nani alilima shamba la mfalme, na siku hiyo alikula nini?" huonekana mkaidi. Nashikilia kwamba swali hilo ndilo mwanzo wa heshima ya kweli kwa wahenga. Ili kulithibitisha hilo nitaeleza maisha na kazi ya mwanaanthropolojia mmoja, John Victor Murra, ambaye kwa miongo mingi ya maisha yake aliwauliza Wainka wa Amerika ya Kusini swali la aina hiyo.

Msomaji asidhani kwamba tunakwenda mbali bure. Kila siku tunakula viazi tunavyoviita viazi ulaya. Viazi hivyo havikuanzia Ulaya. Vilianza kulimwa katika milima ya Andes, na wakulima wa huko walikwisha kuvipatia aina nyingi, na ufundi wa kuvikausha kwa baridi ya usiku na jua la mchana, muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajavionja. Jina tulilolishika linamtaja aliyevipitisha mkononi na kumsahau aliyevilima. Ndivyo yafanyavyo majina ya kuazima.

Wainka walikuwa watawala wa dola kubwa iliyoenea katika milima hiyo, kuanzia kusini mwa nchi iitwayo leo Kolombia, kupitia Ekuado, Peru na Bolivia, mpaka Chile na Argentina. Mji wao mkuu ulikuwa Cusco, na dola yao waliiita Tawantinsuyu, maana yake sehemu nne zilizo pamoja. Hawakuwa na sarafu, hawakuwa na mnyama wa kukokota gari, wala hawakuwa na maandishi ya herufi. Hata hivyo walijenga barabara za maelfu ya kilometa, walilisha majeshi makubwa, na waliweka hesabu za watu na mali kwa kamba zenye mafundo ziitwazo khipu. Dola hiyo ilivunjwa na Wahispania wakiongozwa na Francisco Pizarro, ambao walimteka mfalme Atawallpa huko Cajamarca mwezi wa Novemba 1532, wakamwua mwaka uliofuata.

Tangu siku hiyo Wainka hawakukosa wa kuwasemea. Mwaka 1609 Garcilaso de la Vega, ambaye baba yake alikuwa Mhispania na mama yake mtu wa ukoo wa wafalme wa Cusco, alitoa kitabu cha kuwaheshimisha jamaa za mama yake. Aliwaeleza kama wafalme wenye huruma, ambao maghala yao yaliwalisha wajane, mayatima na wazee. Picha hiyo iliwapendeza wasomaji wa Ulaya kwa karne nyingi. Halafu, mwaka 1928, vilitokea vitabu viwili katika miji miwili iliyo mbalimbali. Mjini Paris mwanauchumi Louis Baudin aliiita dola ya Wainka dola ya kisoshalisti, na alikusudia kuwaonya watu wa nchi yake juu ya siasa asiyoipenda. Mjini Lima mwanamapinduzi José Carlos Mariátegui, mtetezi wa wakulima walionyang'anywa ardhi yao, aliandika juu ya ukomunisti wa Wainka, na yeye alikusudia kuwapa moyo wananchi wa Peru. Wengine baada yao walisema kwamba dola hiyo ilikuwa ya kimwinyi. Wengine wakasema ni ya kitumwa.

Tuzitofautishe nia zao. Mariátegui alisimama upande wa wanyonge, na heshima yake haifutiki. Lakini tuangalie jambo lenyewe: maneno yote hayo yalizaliwa Ulaya, yakaeleza kwanza mambo ya Ulaya, kisha yakasafirishwa kwa meli kama shati lililokwisha kushonwa, na Wainka wakaambiwa walivae. Shati likibana bega, aliyelaumiwa ni bega.

Mtu aliyekuja kulivua shati hilo alizaliwa tarehe 24 Agosti 1916 katika mji wa Odessa, uliokuwa wakati huo ndani ya himaya ya Urusi, na leo umo katika Ukraina. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, wakamwita Isak Lipschitz. Alikulia Romania. Huko akiwa kijana aliingia katika siasa za mrengo wa kushoto, akatiwa ndani kwa ajili ya shughuli hizo, na mwaka 1934 jamaa zake wakampeleka Chicago, Marekani, alikokuwapo mjomba wake mwanamuziki. Alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1936. Mwaka uliofuata aliacha masomo akaenda Hispania kuitetea jamhuri dhidi ya majeshi ya Franco, katika Brigedi za Kimataifa. Alijeruhiwa. Kwa kuwa alijua lugha nyingi alifanywa mkalimani wa makamanda, na hapo aliona kwa macho yake jinsi maneno mazuri ya viongozi yanavyoweza kutengana na vitendo vyao. Jamhuri iliposhindwa, alifungiwa katika kambi ya wakimbizi nchini Ufaransa, na mwaka 1939 akarejea Chicago. Baadaye alizoea kusema kwamba shule yake halisi ilikuwa vita ya Hispania kuliko chuo kikuu.

Alibadili jina akawa John Victor Murra, akarudi kwenye masomo ya anthropolojia, na mwaka 1941 alikwenda Ekuado kushiriki katika uchimbuaji wa mambo ya kale. Lakini Marekani ya miaka hiyo iliwaogopa watu waliopigana Hispania. Uraia aliupata mwaka 1950 tu, baada ya mashauri marefu, na pasi ya kusafiria alinyimwa mpaka 1956. Mtaalamu wa Andes akawa hawezi kwenda Andes! Mwingine angetafuta kazi nyingine. Murra alijifungia na vitabu na hati za karne ya 16 na ya 17, akazisoma upya moja baada ya moja, huku akiwafundisha wanafunzi ili apate riziki. Matunda yake yalikuwa tasnifu juu ya mpango wa uchumi wa dola ya Wainka, aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka huo huo wa 1956.

Yafaa walimu walitazame kwa makini jambo moja. Huyu alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliyemwaga damu kwa ajili ya imani yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupenda kuambiwa kwamba Wainka walikuwa wasoshalisti, ni yeye. Jina hilo lilikuwa tayari mezani, limeandikwa na kupambwa. Alilikataa. Alilikataa pia jina la umwinyi na jina la utumwa. Badala yake aliuliza maswali ya mkulima: Ardhi hii ni ya nani? Analima nani, siku ngapi, kwa zamu gani? Mbegu zinatoka wapi? Nani anampikia mwenye kulima? Kilichovunwa kinakwenda wapi?

Majibu aliyoyapata yaliwakera wote, wenye kusifu na wenye kutukana. Aligundua kwamba kaya ya mkulima wa Andes haikutoa kodi ya mazao ya shamba lake. Kilichokuwa katika shamba na ghala la kaya kilikuwa cha kaya. Dola ilijitengea mashamba yake na mifugo yake, na kwa mkulima ilidai kazi: zamu ya kulima, zamu ya kujenga barabara, zamu ya kufuma nguo, zamu ya vita. Zamu hiyo iliitwa mit'a. Hata katika ufumaji mkulima hakutoa sufu yake. Alipewa sufu kutoka katika ghala la dola, naye akatoa nguvu za mikono. Na siku za kazi, mwenye shamba, awe jirani, chifu au mfalme, alikuwa na wajibu wa kuwalisha wafanyakazi na kuwanywesha pombe ya mahindi. Msingi wa desturi hiyo ulikuwa ndani ya ukoo, ambako watu waliitana kulimiana na kujengeana nyumba, leo kwangu, kesho kwako. Waswahili wanasema, "Mla cha mwenziwe na chake huliwa." Mkulima wa Andes angeielewa methali hiyo bila mkalimani.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi ya Murra. Wainka waliichukua lugha hiyo ya ukoo, lugha ya leo kwangu kesho kwako, wakaitumia kuendesha dola. Mfalme aliwaita watu shambani kwake kwa ngoma, chakula na pombe, kana kwamba ni jirani aliyeomba msaada. Lakini jirani huja naye kulima kwako zamu yako ikifika. Mfalme hakuja. Kilichorudi kilikuwa karamu, nguo chache za fahari kwa machifu na askari, na ulinzi. Sura ya kurudishiana ilibaki. Mizani ilikuwa imeinama.

Na maghala je? Katika Huánuco Pampa, mji wa utawala uliojengwa na Wainka kwenye uwanda ulio zaidi ya meta 3,600 juu ya usawa wa bahari, magofu ya maghala karibu 500 yamesimama yamepangwa kwa safu mlimani. Garcilaso angetuambia kwamba hayo yalikuwa ya wajane na mayatima. Murra alizipitia hati akaona kwamba maghala ya dola yalilisha kwanza jeshi, watumishi wa utawala na watu waliokuwa katika zamu ya kazi. Mjane alilishwa, ndiyo. Alilishwa na ukoo wake, kwa desturi iliyokuwapo kabla Mwinka wa kwanza hajatoka Cusco. Sifa ya wanakijiji ilikuwa imeandikwa kwa jina la mfalme. Basi tuulize: aliyewaheshimu wenyeji wa Andes ni nani? Ni yule aliyempamba mfalme kwa wema wa watu wengine, au ni yule aliyewarudishia wanakijiji wema wao?

Murra aliwezaje kuyaona haya wakati wengine waliosoma hati zile zile hawakuyaona? Sababu moja inatuhusu sisi Waafrika. Katika miaka aliyonyimwa pasi alisoma sana habari za falme za Afrika, akazifundisha pia. Katika falme hizo alikuta watawala waliodai kazi badala ya fedha, karamu zilizokuwa sehemu ya utawala, na machifu waliosimama kati ya ukoo na enzi. Mambo ya Ulaya ya kale yalikuwa yamewapa wataalamu macho ya kuona mabwana na watumwa tu. Mambo ya Afrika yalimpa Murra maswali bora ya kuiuliza Andes. Wala hakusema kwamba Wainka walikuwa kama Waafrika. Hilo lingekuwa jina jingine la kuazima. Alijifunza kwetu namna ya kuuliza, na majibu akayatafuta Andes kwenyewe.

Alipopata pasi, alikwenda Peru, na huko kazi yake ilipata mizizi. Wahispania, miaka 30 baada ya ushindi wao, waliwatuma wakaguzi kuwahesabu watu ili wajue watawatoza nini. Mwaka 1562 mkaguzi Iñigo Ortiz de Zúñiga alipita Huánuco nyumba kwa nyumba. Mwaka 1567 mwingine, Garci Diez de San Miguel, alikagua jimbo la Chucuito kando ya ziwa Titicaca, nchi ya Walupaqa, akawahoji machifu wao Martín Cari na Martín Cusi. Na katika ukaguzi huo zilisomwa hesabu zilizohifadhiwa kwa mafundo ya khipu tangu enzi ya Mwinka. Hati hizo ziliandikwa kwa ajili ya unyang'anyi. Lakini aliyeulizwa alijibu, na jibu lake likabaki. Murra alishirikiana na wataalamu wa Peru kuzichapisha: ya Chucuito mjini Lima mwaka 1964, na ya Huánuco katika juzuu mbili, 1967 na 1972, kwa jina la chuo kikuu cha huko huko Huánuco. Kati ya 1963 na 1966 aliongoza uchunguzi katika eneo hilo, akiwaweka pamoja wachimbuaji wa mambo ya kale, wanahistoria na wanaanthropolojia, ili maneno ya hati yalinganishwe na mawe ya magofu na desturi za wakulima walio hai.

Katika sauti hizo za nyumba kwa nyumba alisikia jambo ambalo wasomi wa Ulaya hawakulitaja. Walupaqa, kiasi cha kaya 20,000, waliishi kwenye uwanda wa baridi ulio karibu meta 3,800 juu ya bahari, ambako viazi na mifugo ya lama hustawi lakini mahindi ni shida. Hata hivyo walikuwa na mahindi, pamba, majani ya koka na mbao. Hawakuvipata sokoni. Waliwapeleka watu wao wenyewe kukaa kwenye mabonde ya pwani, siku kadhaa za safari upande wa magharibi, na wengine kwenye misitu ya mashariki. Watu hao hawakupoteza haki zao nyumbani. Mashamba yao yalihesabiwa bado, nao walihesabiwa bado pamoja na jamaa zao. Watu wa Chupaychu wa Huánuco, wasiozidi kaya 3,000, walifanya vivyo hivyo kwa mwendo mfupi zaidi. Nchi yao ilikuwa kama visiwa vilivyotawanyika kutoka kileleni hadi bondeni, na bahari iliyoviunganisha ilikuwa undugu. Murra alilieleza jambo hilo katika insha aliyoitoa mwaka 1972, na tangu hapo hakuna anayeandika juu ya Andes bila kukubaliana naye au kubishana naye.

Insha hiyo ina fundisho jingine. Murra alileta mifano mitano, na baadhi yake aliileta kusudi kuonyesha mahali ambapo hoja yake haifiki, kama vile falme za pwani. Naye María Rostworowski, mwanahistoria wa Peru, alikwisha kuonyesha kwamba huko Chincha, pwani, walikuwako wafanyabiashara wengi. Kwa hiyo Andes haikuwa na desturi moja. Mwenye jina la kuazima hawezi kukubali hivyo, kwa sababu jina lake ama lifunike kila kitu au lianguke.

Vilevile hakuificha sura mbaya. Aliandika juu ya yana, watu walioondolewa katika koo zao wakawa watumishi wa mfalme na wa machifu maisha yao yote. Aliona kwamba katika miaka ya mwisho kabla ya 1532 watu wa namna hiyo walikuwa wakiongezeka. Maana yake dola ilikuwa inaanza kuiacha hata ile sura ya kurudishiana. Mtu aliyetolewa katika ukoo wake hana wa kumwambia, "Leo kwangu, kesho kwako."

Sasa nazijua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza itasema: Huyu Murra ni mgeni, tangu lini mgeni akamfundisha mwenyeji mila zake? Hoja hii ina uzito, kwa maana wageni wengi wamekuja kuchukua na kwenda. Lakini tuwapime watu kwa vitendo. Kazi zake kubwa zilitoka kwanza kwa Kihispania, lugha inayosomwa shuleni katika nchi za Andes. Tasnifu yake ilichapishwa kwa Kihispania mwaka 1978 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Hati alizoziokota hakuzifungia kabatini, bali alizichapa ili mwananchi wa Huánuco aweze kumbishia. Rafiki yake mkubwa alikuwa José María Arguedas, mwanaanthropolojia na mwandishi wa riwaya wa Peru aliyekua akisema Kikechua, aliyekufa mwaka 1969. Na baada ya miaka mingi Murra alishiriki kuzitoa barua za rafiki yake huyo. Mwaka 1980, pamoja na Rolena Adorno na Jorge Urioste, alitoa upya kitabu cha Guaman Poma, mwenyeji wa Andes aliyemwandikia mfalme wa Hispania mwanzoni mwa karne ya 17 kushitaki maovu ya wakoloni. Kama tunalo la kumdai, ni hili: maandishi yake hayakumfikia mkulima katika Kikechua chake. Deni hilo si lake peke yake. Peru yenyewe ilikitambua Kikechua kuwa lugha rasmi mwaka 1975, karne nne na zaidi baada ya Cajamarca.

Hoja ya pili itasema: Kuwachambua wahenga ni kumpa adui silaha. La hasha! Adui hapati silaha bora kuliko uongo wetu, maana siku utakapofichuliwa atasema kwamba yote mengine nayo ni uongo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeijenga siasa ya ujamaa juu ya maisha ya ukoo wa Kiafrika, hakuogopa kusema katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 kwamba maisha hayo yalikuwa na kasoro, akaitaja hali duni ya wanawake na umaskini. Hakuipunguza mila kwa kusema hivyo. Aliionyesha kuwa ni kazi ya watu, na kazi ya watu hutengenezeka.

Hoja ya tatu ndiyo yenye kugusa moyo: Vijana walionyanyaswa na ukoloni wanahitaji fahari, msiwanyang'anye. Ni kweli wanaihitaji. Lakini fahari gani? Kijana wa Andes anayeambiwa kwamba mababu zake walikuwa na mfalme mwema amepewa fahari ya mfalme, na mfalme amekufa. Kijana anayeonyeshwa kwamba mababu zake, bila sarafu wala soko kubwa, waliunganisha kilele chenye barafu na bonde lenye joto kwa nguvu ya undugu, na kwamba mafundo yao yalikuwa hesabu ya kutegemewa, amepewa kitu anachoweza kukitumia. Mwaka 1561 machifu wa bonde la Xauxa waliingia katika mahakama ya Wahispania mjini Lima na khipu zao, wakasoma kila kitu walichowapa wageni hao tangu 1533: lama, nguo, nafaka, na vyote walivyoibiwa. Murra aliuchunguza utaratibu wa orodha hiyo, akaona kwamba mifugo na nguo hutangulia chakula. Ulikuwa utaratibu wao, wa fikra zao, haukuazimwa kwa mtu. Kuna fahari gani kubwa zaidi ya kumshitaki mnyang'anyi kwa hesabu yako mwenyewe?

Basi walimu tuna kazi. Mwanafunzi atakapokwenda kwa wazee kukusanya habari, asipewe jina la kwenda kulithibitisha. Asitumwe kuthibitisha kwamba kijiji kilikuwa cha kijamaa, wala kwamba kilikuwa cha kimwinyi. Hata neno letu zuri la ujima asilipeleke mbele kama taa. Alisikie kwanza likitoka kinywani mwa mzee, kama analo, au asikie neno jingine ambalo kamusi haijalipata. Apewe maswali. Msaragambo uliitwa na nani? Nani aliweza kukataa, na akikataa ilikuwaje? Chakula cha siku ile kilitoka ghala la nani, na kilipikwa na nani? Mwenye shamba naye alikwenda kulima kwa nani? Hesabu iliwekwaje, na iliwekwa na nani? Majibu yaandikwe kwa jina la nyumba na mahali, yakiwa mazuri au machungu, kama alivyoandika yule mkaguzi wa Huánuco. Ila safari hii hesabu iwe yetu.

Faida yake haitaishia katika historia. Taifa linalojenga maisha yake kwa maneno ya ukoo, yaani ndugu, jamaa, baba, familia moja, linahitaji wananchi wanaojua maneno hayo yanadai nini. Wainka wanatuonyesha kwamba lugha ya undugu yaweza kuunganisha mlima na pwani, na yaweza pia kutumiwa kumlimisha mtu shamba ambalo mwenyewe hatalipa zamu. Anayejua kuuliza, "Na zamu yako ni lini?" hadanganyiki upesi, awe anazungumza na mfalme wa kale au na kiongozi wa leo.

John Murra alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell kuanzia 1968 hadi 1982, na alifariki Ithaca, New York, tarehe 16 Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 90. Mihadhara aliyoitoa mwaka 1969 ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2017, baada ya yeye kufa, na bado wasomi wanabishana naye. Asiyejua maana haambiwi maana, wahenga walisema. Lakini shule imejengwa ili maana iulizwe, nasi walimu tumewekwa humo ili anayeuliza asinyamazishwe.